Behewa la Nne

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Sijikwezi kusema hivyo, na hata nikijikweza, nimelipia kujikweza kwangu mwenyewe. Nimemwona mtu akitolewa duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, baada ya wenzake kumaliza kumlilia, akajikung'uta vumbi, akauliza nani kachukua viatu vyake. Nimemwona mwenye digrii mbili akinunua shaba kwa bei ya dhahabu, na mimi wa darasa la nne nimesimama pembeni natafuna muwa. Nikamwacha anunue, maana alikuwa amenikataza kuongea. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nina makarasha matatu ya kusagia mawe pale Segese, na nyumba Ibadakuli ambayo rubani akitaka kutua lazima aone bati zake kwanza. Kwa hiyo simu ilipolia asubuhi ile, sauti ya mwanamke ikaniambia Mama Kulwa amefariki, sikushtuka. Nilikaa chini tu. Kukaa chini si kushtuka.

Nilikaa ndani ya chumba changu cha treni, maana ndimo simu iliponikuta. Chumba hiki kina sifa mbaya kuanzia Ibadakuli hadi Segese, basi acha nikieleze mwenyewe kabla hujaelezwa na wengine. Katikati kuna meza ndefu ya mninga, juu ya meza kuna reli, na juu ya reli kuna treni za kuchezea. Wenzangu wakipata hela wananunua ng'ombe, wengine wanaongeza wake. Mimi nanunua treni. Lakini si treni yoyote. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeniagizia aliwahi kuniletea ile ya umeme yenye pua kama ya ndege, akasema, "Bosi, hii ndiyo habari ya mjini." Nikamrudishia na nauli juu. Mimi nataka treni ya watu wanaokwenda kazini na kurudi: daraja la tatu, viti vya mbao, rangi iliyochubuka. Za dukani zinakuja zinang'aa kama meno ya bandia, kwa hiyo nampa seremala wangu, Fundi Shija, anazichubua. Anang'oa viti, anapachika vibenchi vya mbao, anafinyanga abiria wa udongo na kumkalisha kila mmoja mahali pake. Katika behewa la nne kutoka kwenye kichwa, kuna dirisha moja la kushoto ambalo nimemwambia asilifunge, kwa sababu halikuwa likifunga. Mlango wa chumba naupiga kufuli. Vumbi la Shinyanga unalijua; likiingia kwenye mota ndogo vile, treni imekufa.

Kufuli hilo ndilo lililozaa maneno. Huku kwetu mtu akipata dhahabu hawasemi ana bidii, wanasema ana ndagu: amekwenda kwa mganga, amepewa kitu cha kufuga chumbani, na kitu hicho kinakula watu ili yeye apate mali. Yupo waliyemsema anafuga chatu. Yupo waliyemsema amekatazwa kuoga, kumbe mwenzetu ni mchafu tu. Mimi wakanipa ndagu ya treni. Ilisemwa kwamba kila anayekufa karibu na mimi anapandishwa behewani, na dada wa kazi akaapa sokoni kwamba amesikia honi na watu wakikohoa ndani. Wachimbaji wa duara langu waliacha kazi wote siku moja, sururu zikabaki zimelala chini kama samaki. Mchungaji akanishauri nizichome treni hadharani ili kuondoa kikwazo kwa waumini. Nikamwuliza kama na bati za kanisa nilizotoa mimi tuzichome siku hiyo hiyo, tuokoe kiberiti. Mazungumzo yakaishia hapo. Sikuchoma, na sichomi. Wanaotaka majivu wakachome mkaa.

Sasa nikwambie treni hizo zimetoka wapi. Nilipata mwaka mmoja tu wa shule ya kweli, na mwaka huo niliusoma behewani.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilipanga Ngokolo, chumba kimoja na vijana wawili wapakiaji kama mimi. Mlango wetu ulikuwa gunia la katani, na mwenye nyumba akija kudai kodi alibisha hodi ukutani, maana gunia halibishiki. Tulikuwa na sufuria moja, na aliyewahi kuamka ndiye aliyekula ukoko. Kazi ilikuwa Isaka, kupakua magunia kwenye mabehewa na kuyapanga kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Siku hizo treni ya mchanganyiko, abiria mbele na mizigo nyuma, ilituchukua Shinyanga asubuhi na nyingine ikaturudisha jioni, ikipenda. Isipopenda tulilala juu ya magunia ya watu. Nikisikia vijana wa leo wanavyolalamika kwamba gari limechelewa, natamani niwaazime mwezi mmoja tu wa mwaka ule, wausukume kwa mabega.

Behewa la nne lilikuwa na wenyewe. Wasafiri wa kila siku walikuwa na viti vyao kama watu walivyo na mashamba yao, na mgeni alisimama hata kama kuna nafasi, mpaka mwenyeji mmoja amkaribishe. Nilisimama karibu na choo muda mrefu kiasi kwamba nilijua matumbo ya abiria wote. Dirisha lile bovu lilikuwa la Mama Minza, muuza vitunguu, mwanamke wa kelele, aliyelowa kila mvua iliponyesha na hakukubali kuhama hata siku moja. "Kiti changu hiki," alisema maji yakimchuruzika puani. "Mvua ndiyo ihame." Mbele yake alikaa Mama Kulwa, na kapu lake lilikaa kwenye kiti cha pembeni kama abiria aliyelipa. Ndani ya kapu kulikuwa na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vile vibichi na vile vilivyochemshwa kwanza, na chupa ya chai ya tangawizi iliyozibwa kwa gunzi. Asubuhi moja alinitazama tangu miguuni, akashusha kapu sakafuni.

"Kaa, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Kapu halichoki."

Nikakaa. Hakuna kiti nilichowahi kukalia baada ya hapo, hata vya ngozi nilivyoagiza mwenyewe kwa ajili ya sebule, kilichonipa kimo kama ubao ule. Nikala tobolwa moja na chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikadhani mambo yameisha. Kumbe ndio kwanza yanaanza, maana Mama Kulwa hakuwa mtu wa kutoa kitu bure. Jioni, tulipokuwa tunarudi, akaniuliza, "Haya, leo umeiba nini kwa masikio?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba hajui kusoma na mimi najua kidogo kiasi cha kujidanganya tu, kwa hiyo tuliyobakiwa nayo ni masikio, na treni imejaa watu wanaoongea hovyo. Basi ikawa ndiyo kazi. Asubuhi nilisikiliza, jioni nilitoa hesabu. Nilimletea ugomvi wa wenye malori, nilimletea bei ya mpunga wa Kahama kabla haijafika sokoni, nilimletea mambo ya ndoa za watu ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu baadhi yao bado wako kwenye ndoa hizo. Habari ya kijinga aliitupa dirishani kwa mkono, hivi, kama ganda. Habari nzuri aliilipa kwa michembe. Wasomi wanaoniuliza nilisomea wapi biashara huwa nawajibu, "Kati ya Shinyanga na Isaka," wanadhani natania.

Kuna siku sikuwa na tiketi. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, mkali wa mkono. Akanishika kola.

"Huyo muache," Mama Kulwa akasema. "Ni mwanangu."

"Mama, shikamoo. Una watoto wangapi wewe? Juzi ulikuwa na mwingine hapa hapa."

"Marahaba. Mimi nimezaa mapacha, baba. Kwetu watoto wanakuja kwa jozi. Utawahesabu mpaka Tabora?"

"Na huyu anaitwa nani?"

Akasita. Alikuwa hajawahi kuniuliza jina! Behewa zima likasita naye. Mama Minza akapaza sauti kutoka dirishani, "Anaitwa Nkwabi, na ni mwizi wa matobolwa, tunamjua sote, muache alipie makosa yake hapa hapa!" Watu wakacheka, mkaguzi akacheka, kola ikaachiwa. Mama Kulwa hakucheka. Aliponipa mkono alikuwa na uso wa mtu anayefunga biashara.

"Nimekuzaa bila uchungu, Nkwabi, na mbele ya mashahidi. Mtoto ana kazi. Siku nikifa, utashika jembe kwenye kaburi langu. Si kuja na suti. Jembe."

"Nitashika, mayu," nikasema, kama anavyoitwa mama kwetu.

"Sema tena, yule wa mwisho hajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti iliyofika kwenye mabehewa ya mizigo.

Mwaka ule uliishia kwa sikio. Nyuma yetu walikaa mabroka wawili wa dhahabu waliotoka Mwanza, wanaongea kwa sauti ya watu wanaodhani mpakiaji ni gunia. Mmoja akasema kule Geita kuna mawe yanatupwa kama takataka, magwangala, na wanakijiji wanayagonga kwa nyundo na kupata dhahabu. Atakayewahi kwenda na mashine ya kusaga, huyo hatalala njaa tena. Mwenzake akamjibu kwamba kule kuna vumbi na matusi, hawezi kwenda. Jioni nikatoa hesabu yangu kama kawaida. Mama Kulwa hakunipa michembe. Alifunga kapu lake, akatazama nje mpaka taa za Shinyanga zikaonekana.

"Sasa unangoja nini?" akasema. "Unangoja mawe yapande treni yakufuate?"

Asubuhi iliyofuata nilishuka Isaka na wenzangu, lakini wao walielekea kwenye magunia, mimi nikapanda juu ya lori la Kahama. Mkononi nilikuwa na matobolwa yake kwenye kipande cha kitenge. Mengine unayajua, na kama huyajui uliza pale Segese, watakuonyesha mashine zangu.

Wala sikumsahau, kama utakavyosikia watu wakisema. Nilimpeleka hospitali miguu ilipomsumbua, nilimwezekea nyumba, na mwaka jana nilimleta Ibadakuli aone treni. Alizunguka meza yote akijishika kiuno. Alipojiona, yule wa udongo na kapu lake, akaangua kicheko. "Mbona umenitia pua ya Mzungu? Na kichwa wazi! Nimewahi kusafiri kichwa wazi mimi?" Hapo hapo akachana ncha ya kitenge alichojifunga, cha kijani chenye ndege, akamfunga yule mama wa udongo kilemba. Kisha akanipa mkono, kama siku ile ya mkaguzi. "Jembe," akasema.

Ndiyo maana siku ya msiba nilikwenda na nguo za kazi na chepe langu jipya nyuma ya gari. Kijiji chake kiko mbele kidogo ya Kolandoto. Sheria ya pale ni moja na haina rufaa: mwenyeji asiyetokea kuchimba kaburi anatozwa faini, hata awe nani, mgeni anapewa kiti na soda. Kaburi lilisimamiwa na kijana mmoja anaitwa Limbu, kofia ya mpira wa miguu, kifua wazi, sauti ya amri. Nilipofika alikuwa anamtoza mwalimu aliyechelewa kwa sababu ya mtihani. Nikavua viatu, nikaelekea shimoni. Limbu akanizuia kwa mpini wa jembe, kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Wageni wanakaa kule kwenye turubai."

"Marahaba. Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wake."

Akamtazama Kulwa, pacha mkubwa, mtoto wa kumzaa hasa, ambaye sasa ana mvi. Kulwa alinichukua pembeni, nyuma ya sufuria za ugali, na wapishi wote wakaacha kukoroga ili wasikie vizuri.

"Kaka Nkwabi, heshima yako naijua. Bati za mama ni zako. Lakini watu wanasema ukishika udongo wa kaburi, mama hatalala humo. Utaondoka naye."

"Niondoke naye kwenda wapi?"

"Kwenye treni yako." Alisema huku anatazama miguu yangu. "Kachome vile vitu, uje na majivu watu waone. Mimi mwenyewe nitakupa jembe."

Nilimwambia hivi, na wapishi ni mashahidi: "Kulwa, nimejengewa uchawi na watu wasiojua kujenga hata choo, nikanyamaza. Nimekimbiwa na wachimbaji, nikanyamaza. Lakini kuchoma behewa alimonizaa mama yako, sichomi. Nitakuja nalo, na jembe nitashika."

Sikungoja jibu. Nyuma yangu niliwasikia: anakwenda kuchoma, anakwenda kuchoma. Nikaendesha mpaka Ibadakuli, nikafungua kufuli, nikapakia behewa la nne, kichwa cha treni, betri na vipande vya reli kwenye kreti ya soda. Niliporudi kaburi lilikuwa limeshachimbwa, wachimbaji wanakula. Nikatandaza reli juu ya benchi mbele ya watu wote. Nilitaka waone ni plastiki na mbao. Nikabonyeza swichi. Treni ikapiga honi.

Usiniulize akina mama walikimbia vipi. Vikombe vilibaki peke yake. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba behewa lilipopita mbele ya wazee, binti mmoja akachungulia, akaona kilemba cha kijani chenye ndege, akapiga yowe, "Yumo! Mama Kulwa yumo ndani! Amekaa!" Nikasimama na swichi mkononi. Mimi, mtu wa akili zangu, nilikuwa nimekuja kuwathibitishia kwamba sibebi wafu kwenye treni, na nikawaletea marehemu amekaa kwenye treni. Wanaume wakaanza kusogea. Limbu alikuwa na jembe, na sasa hakulishika kwa adabu.

"Sogeeni, mnaniziba," ikasema sauti ya kikongwe. "Leteni hilo behewa hapa."

Alikuwa Mama Minza, muuza vitunguu, amebaki mifupa na ile sauti. Akaliweka behewa mapajani, akalipapasa kwa vidole kama anayechagua kitunguu kibovu. Alipofika kwenye dirisha la kushoto akajaribu kulifunga. Halikufunga.

"Hili ndilo," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale kati ya viti.

"Njiani? Umenikalisha njiani?" Akageukia watu. "Nimenyeshewa mvua kwenye dirisha hili mpaka kifua kikaniuma, sikuhama, leo huyu mwizi wa matobolwa ananikalisha njiani kama mzigo! Ngosha, we mwanamume, dirisha langu umempa nani?"

Mtu mmoja akacheka puani. Limbu akauliza, lakini sauti imepungua, "Bibi, na wewe umo humo ndani?"

"Si unaniona? Nimo, na jana nimekula ugali sahani mbili. Kama treni hii inakula watu, mbona mimi imeniacha? Nyama yangu ni chungu kuliko ya wengine?"

Hapo watu wakacheka kweli, kicheko cha msibani, cha kujificha nyuma ya kanga. Kulwa hakucheka. Alimchukua yule mama wa udongo, akakigusa kilemba. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kitenge cha mama yake, kile cha kijani, ncha yake imechanwa. Akavilinganisha.

"Alichana yeye?"

"Mwenyewe. Alisema hajawahi kusafiri kichwa wazi."

Akamrudisha mama yake behewani, taratibu, kwenye kiti chake, na kapu akaliweka sakafuni. Sikuwa nimemwambia kapu hukaa wapi. "Kachukue chepe," akasema.

Nilifukia. Vijana walitaka kunipokea, nikawatukana. Nina kitambi, lakini ni kitambi kilichojengwa kwa nyundo, na nilirusha udongo mpaka bapa la chepe langu likang'oka, nikabaki na mpini wa plastiki, maana vitu vipya ni takataka. Nikanyakua jembe la kijiji, nalo nikalivunja mpini. Wapo ambao mpaka leo wanasema nilivunja kwa nguvu zisizo za kawaida. Waseme. Na wale wachimbaji wangu nusu hawajarudi, na mlango wa chumba bado naufunga kwa kufuli. Vumbi ni vumbi.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Limbu akaja mbele yangu na kofia yake.

"Mzee Nkwabi, kuna faini. Hukuchimba. Umekuja kufukia tu."

"Wewe kijana una wazimu? Si wewe uliyenizuia na mpini?"

"Nilikwambia ukakae kwenye turubai, na ulikubali kuondoka. Mgeni hatumtozi. Lakini mtoto wa marehemu akikosa kuchimba, analipa. Au nikuandike mgeni?"

Nilimtafuta Kulwa aniokoe. Alikuwa anatazama pembeni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilisema mwanzo kwamba hakuna kinachonishangaza, na sibadilishi maneno. Jua lilikuwa kali, ndiyo maana nilikaa chini kwanza. Kisha nikatoa pochi na kulipa mbele ya mashahidi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa yule wa mwisho: elfu kumi ya kukosa kuchimba kaburi la mama yangu, elfu mbili na mia tano ya mpini. Jumla, shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.